Kanga mbili zikilowa

Dawa za kuzuia damu baada ya kujifungua zipo, na ushahidi wa kazi yake umekwisha kupatikana, sehemu yake humu humu Tanzania. Kinachochelewa ni kuiona damu yenyewe kabla haijazidi.

Mtoto ameshalia. Mkunga amemkausha, amemlaza kifuani mwa mama yake, na huko nje bibi wa mtoto ameshapiga vigelegele. Chini ya mama umetandikwa mpira, juu ya mpira kuna kanga aliyotoka nayo nyumbani. Mkunga anainua pindo la kanga, anatazama, analirudisha. Kwa kutazama huko ameshaamua: damu ni ya kawaida, au si ya kawaida.

Uamuzi wa namna hiyo hufanyika usiku na mchana katika vyumba vya kujifungulia vya pwani yote hii. Mara nyingi huwa sahihi. Unapokosewa, muda wa kusahihisha ni mfupi mno, kwa sababu mimba ikitimia, mfuko wa uzazi hupitisha damu zaidi ya nusu lita kila dakika.

Kanga nayo haimsaidii mkunga. Ikiwa ya rangi nyekundu au ya zambarau, damu haionekani vizuri. Maji ya chupa yamechanganyika nayo, mkojo umechanganyika, na nyingine imeteleza juu ya mpira ikaingia kwenye ndoo. Kuna kina mama ambao damu haiwatoki kwa kishindo: inachuruzika kidogo kidogo kwa saa nzima, mama akiwa anazungumza, anamtazama mwanawe, mpaka midomo inapoanza kupauka.

Bajaji moja, au mwendo wa nusu siku

Ukitoka katikati ya mji wa Tanga na kuifuata barabara ya Hospitali kuelekea Raskazone, bahari ikiwa mkono wako wa kushoto, unaipita Bombo kabla hujaifikia Hoteli ya Mkonge na ufukwe wa kuogelea. Hii ndiyo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga. Jengo lake la kale la Wajerumani, Cliff Block, lingali pale ukingoni mwa bahari, na watu wa mjini hulipita jioni wakienda kupunga upepo.

Mama wa Raskazone akishikwa na uchungu usiku wa manane, bajaji moja inamfikisha Bombo kwa dakika chache. Mama wa Kilindi yuko zaidi ya kilomita 150 kutoka hapo. Wa Lushoto anazishuka kona za Soni. Wa Mkwaja, ng'ambo ya mto Pangani, kwa miaka mingi amelazimika kukitegemea kivuko cha Bweni. Wote hao ni wa mkoa mmoja, na tatizo likiwashinda wa zahanati, wa kituo cha afya na wa hospitali ya wilaya, rufaa yao huishia katika jengo moja.

Ni rahisi kudhani kwamba tofauti kati ya mama hawa ni umbali tu. Umbali ni sehemu kubwa, na tutaufikia. Lakini mama aliyejifungulia ndani ya hospitali kubwa, akisikia mawimbi kutoka kitandani, naye anaweza kupoteza damu hatari, ikiwa hakuna aliyeijua kiasi chake. Sindano inayotakiwa ipo kabatini, hatua tano kutoka kitandani, na hakuna aliyeifuata kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wakati wake umefika.

Tanzania imepiga hatua ambayo haifai kubezwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Wanawake wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma wamefika asilimia 81, kutoka 63. Maana yake ni kwamba wengi wa wanaotokwa na damu nyingi sasa wako mbele ya mhudumu. Kwa hiyo swali limehama: baada ya kumfikisha mama kituoni, kituo kinafanya nini katika dakika kumi za mwanzo?

> "Sindano ipo kabatini, hatua tano kutoka kitandani, na hakuna aliyejua kwamba wakati wake umefika."

Dawa za misuli, na dawa ya damu

Nyuzi za misuli ya mfuko wa uzazi zimepitana kama kili za mkeka, na mishipa ya damu inapenya katikati yake. Kondo la nyuma likishatoka, misuli hujikaza, na kila mshipa hubanwa na nyuzi zinazouzunguka. Misuli ikilegea, mishipa inabaki wazi. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Sababu nyingine ni kuchanika, kipande cha kondo kilichobaki ndani, na damu isiyoganda.

Kwa hiyo dawa ya mwanzo inailenga misuli. Oksitosini, ambayo mwili wa mama wenyewe huitengeneza na huiongeza mtoto anaponyonya, ilitengenezwa maabara mwaka 1953 na Mmarekani Vincent du Vigneaud, ikampatia Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Kila mama anayejifungua anatakiwa achomwe uniti 10 za oksitosini pajani ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, awe anatokwa na damu nyingi au la. Ndiyo kinga. Damu ikizidi, hutiwa kwenye dripu ikawa tiba.

Ergometrini ni kali zaidi, nayo ina mwiko wake: hupandisha presha. Mama mwenye presha ya mimba au dalili za kifafa cha mimba hapewi. Muuguzi anayeivuta kwenye sindano usiku bila kuiangalia kadi ya kliniki anaweza kuitibu hatari moja akaleta nyingine.

Misoprostoli ilianza maisha yake kama dawa ya vidonda vya tumbo. Ni vidonge. Haitaki jokofu, haitaki sindano, haitaki mtu wa kutafuta mshipa. Huleta mtetemeko na homa, na mkunga mzuri humwambia mama mapema, ili usiku ule familia isije ikaanza kusema ni malaria.

Ya nne ni ya ukoo mwingine kabisa. Traneksamiki haigusi misuli. Hulilinda donge la damu lililokwisha kuganda lisiyeyushwe na mwili kabla halijamaliza kazi. Iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, waliotangaza matokeo yao mwaka 1962. Walikuwa wakitafuta, tangu baada ya vita, dawa ya kuwasaidia wanawake wanaokufa kwa damu ya uzazi. Utako alikuwa akifanya kazi maabara akiwa amembeba bintiye mgongoni, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Wanawake wa pwani hii wanaokwenda mwani na mtoto mgongoni hawahitaji kuelezwa maana yake.

Madaktari wa uzazi wa mji wake hawakukubali kuijaribu kwa kina mama. Dawa ikatumika kwa meno, kwa hedhi nzito, kwa upasuaji. Ilichukua zaidi ya nusu karne kuirudisha ilikokusudiwa.

Muda wake ni saa tatu tu

Utafiti ulioirudisha unaitwa WOMAN. Ulihusisha wanawake 20,060 katika hospitali 193 za nchi 21, Tanzania ikiwa mojawapo, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Wanawake waliopewa traneksamiki ndani ya saa tatu tangu kujifungua walipungukiwa na vifo vitokanavyo na damu kwa asilimia 31. Waliopewa baada ya hapo hawakupata faida. Utako Okamoto alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akiwa na umri wa miaka 98.

Mwaka huohuo wa 2017 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua apewe gramu moja ya dawa hiyo mshipani, taratibu, kwa dakika kumi, pamoja na dawa za misuli na si baada ya kuzisubiri zishindwe. Damu ikiendelea baada ya nusu saa, au ikirudi ndani ya siku moja, apewe gramu ya pili.

Uchambuzi uliofuata ulionyesha kitu ambacho kingefaa kibandikwe ukutani katika kila leba: kila robo saa inayopita kabla ya sindano hiyo hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10.

Sasa ipigie hesabu safari ya mama wa Kilindi. Au ipigie hesabu, bila safari yoyote, nusu saa ya mkunga mmoja mwenye kina mama watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja.

Upo pia upande wa pili wa ushahidi. Wapo waliotumaini kwamba traneksamiki ikitolewa mapema kwa kina mama wenye upungufu wa damu, kabla hata damu haijatoka, ingewakinga. Utafiti wa WOMAN-2, uliofanyika Tanzania, Pakistani, Nigeria na Zambia kwa wanawake 15,068 na kutangazwa mwaka 2023, haukuona kinga hiyo. Dawa hii hutibu damu iliyokwisha kuzidi. Haiwezi kuchukua nafasi ya macho.

Jokofu ni la nani?

Mgogoro wa kwanza katika jambo hili uko kwenye jokofu.

Oksitosini inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Tanga mwezi wa pili joto linapita nyuzi 30, na kasha lililoachwa juu ya meza ya leba hupoteza nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, kutoka nchi 15 za kipato cha chini na cha kati, yalikuta karibu nusu ya sampuli za oksitosini hazikidhi kiwango. Mkunga anachoma sindano, misuli haikazi, anachoma nyingine. Anadhani mama ndiye sugu.

Katika zahanati nyingi jokofu ni moja, nalo ni la chanjo. Mwenye chanjo ana rejesta yake, ana kipimajoto chake, ana wakaguzi wake. Hataki jokofu lifunguliwe ovyo, na funguo usiku ziko nyumbani kwake. Mkunga ana mama anayejifungua saa nane usiku. Wote wawili wana haki, lakini haki ya mkunga ndiyo yenye dakika chache. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekwisha kusema kwamba oksitosini inaweza kukaa jokofu moja na chanjo, kila kitu na rafu yake. Kilichobaki ni kwa waganga wakuu wa wilaya kuliandika jambo hilo kama amri, na kuamua funguo zinalala wapi.

Wengine wanasema tuachane na habari ya jokofu kabisa. Ipo kabetosini isiyoharibiwa na joto, inayodumu miaka mitatu hata kwenye nyuzi 30. Utafiti wa mwaka 2018 kwa wanawake 29,645 wa nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba kwa kinga haiko nyuma ya oksitosini. Wanaoipinga hawapingi sayansi yake. Wanasema ni ya kinga, matumizi yake ya tiba hayajathibitishwa, hivyo leba itahitaji oksitosini ileile pembeni, na jokofu lilelile. Kuweka sindano mbili zinazofanana kwenye trei moja, moja ya kukinga na nyingine ya kutibu, ni kumtega muuguzi aliyechoka.

Nakubaliana na hoja hiyo kwa hospitali yenye umeme wa uhakika. Kwa zahanati isiyo na jokofu linalofanya kazi, sikubaliani nayo hata kidogo. Huko, oksitosini iliyoharibika si akiba.

Vidonge mkononi mwa nani

Mgogoro wa pili ni mkali zaidi, nao ni wa misoprostoli.

Dawa inayokaza mfuko wa uzazi baada ya mtoto kutoka huukaza pia kabla. Kwa sababu hiyo hutumika kutoa mimba, jambo ambalo sheria ya Tanzania hairuhusu isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Hofu hiyo imeifanya dawa itazamwe kwa jicho la polisi. Wauza dawa huificha, wanaohitaji huipata kwa mlango wa nyuma bila maelezo ya kipimo, na mkunga wa kijijini, ambaye ndiye aliyekusudiwa, huogopa kuonekana nayo.

Upande mwingine wamo wanaosema mama anayeishi mbali apewe vidonge vyake vitatu kliniki anapokaribia kujifungua, avimeze mtoto akishatoka kama amezidiwa njiani au nyumbani. Wapinzani wao hujibu kwamba kufanya hivyo ni kumwambia mama abaki nyumbani, wakati nchi imetumia miaka mingi kumshawishi aje kituoni.

Mjadala huu una ushahidi wa Kitanzania ambao hautajwi vya kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Kigoma, Dk. Godfrey Mbaruku, aliyekuwa amekwisha kujulikana kwa kupunguza vifo vya uzazi katika hospitali ya mkoa huo, yeye na wenzake Ndola Prata na Martha Campbell walikabiliwa na swali gumu. Wakunga wa jadi wangepewa misoprostoli. Lakini mkunga wa jadi, asiye na kipimo wala mashine, atajuaje kwamba damu imefika nusu lita, kiwango cha hatari?

Jibu walilipata kwenye begi la mama. Kila mwanamke alikuwa na kanga, na kanga za dukani zina ukubwa unaokaribiana. Wakapima. Kanga mbili zikilowa, damu imepita nusu lita. Wakunga wakafundishwa hivyo: ikilowa ya pili, toa dawa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Katika eneo walikopewa dawa, asilimia 2 ya wanawake waliotokwa na damu nyingi ndio waliohitaji kupelekwa mbele. Katika eneo la kulinganisha walikuwa asilimia 19.

> "Ikilowa ya pili, toa dawa."

Watu wengi wakisimulia habari hiyo husifu vidonge. Mimi naona waliofanya kazi kubwa zaidi ni wale waliofikiria kanga. Dawa ilikuwepo duniani tayari. Kilichokosekana ni alama ambayo mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, angeiona na kusema: sasa.

Shuka lenye mistari

Miaka karibu 20 baadaye, wazo hilohilo limerudi kwa vazi jingine. Ni shuka la plastiki linalotandikwa chini ya mama mtoto akishatoka. Mwisho wake ni mfuko wa kuonea ndani, wenye mistari ya mililita. Damu inaingia mfukoni, mkunga anasoma.

Utafiti wa E-MOTIVE uliolijaribu shuka hilo ulifanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham. Kwa upande wetu alikuwemo Dk. Fadhlun Alwy Al-Beity wa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili, na kwa Kenya Profesa Zahida Qureshi wa Nairobi. Zaidi ya wanawake 210,000 walijifungua katika hospitali hizo kipindi cha utafiti, na matokeo yakatangazwa Mei 2023.

Nusu ya hospitali ziliendelea na utaratibu wa kawaida. Nyingine zilipewa shuka na zikafundishwa kufanya mambo yote kwa mpigo badala ya moja kusubiri jingine lishindwe: kulisugua tumbo mpaka mfuko wa uzazi ukaze, oksitosini, traneksamiki, dripu, kisha kumchunguza mama na kuita msaada.

Kwenye hospitali zenye shuka, damu iliyozidi iligunduliwa kwa mama 93 kati ya 100 waliokuwa nayo. Kwenye nyingine, kwa 51. Isomwe tena hesabu hiyo: kwa kukadiria kwa macho, karibu nusu ya wanawake waliokuwa hatarini walionekana wazima. Na yale madhara makubwa, yaani damu kupita lita moja, kufanyiwa upasuaji kwa ajili ya damu, au kifo kwa damu, yalikuwa asilimia 1.6 upande wenye shuka, na asilimia 4.3 upande wa pili.

Dawa zilikuwa zilezile, na kanuni zake zilikwisha kuandikwa. Tofauti ilikuwa ni kujua mapema, na kutopanga foleni ya matibabu.

Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani likishirikiana na mashirikisho ya kimataifa ya madaktari wa uzazi na wakunga lilitoa mwongozo mpya unaoitambua hali hii. Mhudumu hatakiwi tena kusubiri nusu lita. Damu ikifika mililita 300 na mapigo ya moyo au presha ikionyesha kasoro, aanze.

Kazi ya mikono

Wanaoandika kuhusu dawa huisahau kazi inayoizunguka, na hiyo ndiyo inayochukua usiku mzima wa muuguzi.

Saa mbili za mwanzo, kila baada ya dakika 15, mkono wa muuguzi hushuka chini ya kitovu cha mama na kutafuta. Anachotafuta ni kitu kigumu, cha mviringo. Akikikuta laini, anasugua kwa kiganja mpaka kiwe kigumu, na anaangalia kilichotoka chini. Anapima presha na mapigo. Anahakikisha mama amekojoa, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mfuko wa uzazi kukaza. Wengi hukoswakoswa na upasuaji kwa mpira wa mkojo tu. Analigeuza kondo la nyuma kwenye trei, analikunjua kama anayekagua kitambaa dukani, kuona hakuna kipande kilichobaki.

Damu ikizidi, anapaza sauti. Hili nalo hufundishwa, kwa kuwa wapo wanaoona aibu kuita. Mmoja anatafuta mshipa kwa kanula kubwa, mmoja anavuta dawa, mmoja anaandika saa. Mama anafunikwa apate joto, kwa sababu mwili uliopoa haugandishi damu vizuri. Ikishindikana, kuna ngumi ndani na mkono juu ya tumbo, mfuko wa uzazi ukibanwa katikati, na mkunga akikaa hivyo mpaka msaada ufike, mkono ukifa ganzi. Kuna puto linalotengenezwa kwa kondomu na mpira wa mkojo, ubunifu wa Dk. Sayeba Akhter wa Bangladesh. Kuna vazi la kubana miguu na tumbo linalorudisha damu moyoni wakati gari la wagonjwa liko njiani.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachowezekana kwa mtu mmoja. Hapo ndipo wakunga wanaposema, na wanasema kweli, kwamba mashuka na miongozo vikiongezwa bila kuongeza watu wa zamu ya usiku, kinachoongezeka ni karatasi za kujaza.

"Acha itoke"

Mama akishatoka hospitali, mara nyingi siku ya pili, ulinzi huo wote unabaki nyuma. Nyumbani kuna mikono mingine: ya mama mzazi, ya shangazi, ya bibi anayekanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja. Ni mikono ya upendo, na mama aliyejifungua anaihitaji. Lakini pwani yote kuna imani kwamba damu ya uzazi ni chafu na lazima imalizike kutoka, hivyo damu inayozidi huweza kupokewa kama habari njema.

Kipande cha kondo kilichobaki ndani huweza kuleta damu nyingi siku ya tano au ya kumi. Muuguzi anayemruhusu mama aende nyumbani asizungumze naye peke yake. Amwite na huyo atakayemkanda. Awaambie kwa lugha ya nyumbani: akilowesha pedi moja ndani ya saa moja, akitoa mabonge, akisikia kizunguzungu akisimama, au damu ikinuka, hiyo si damu ya kuacha itoke. Mrudisheni.

Na wakiwa hawana usafiri, wapige 115, bure. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa mwaka 2013 na kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022, hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa mtaani aliyesajiliwa, na kumpeleka mama au mtoto mchanga anakotakiwa.

Mama huyo hakuanza kuumia siku ya kujifungua. Utafiti wa 2022 uliwakuta wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kwa mwenye upungufu mkali, nusu lita ni nyingi mno. Katika wanawake waliofuatiliwa na WOMAN-2, hatari ya kufa au kuponea chupuchupu ilikuwa kama mara saba kwa wenye upungufu mkali kuliko wenye upungufu wa wastani. Vidonge vya fefo, vya kuongeza damu, vinavyotupwa kwa sababu vinatia kichefuchefu, chandarua kinachofunikiwa vifaranga, minyoo isiyotibiwa, vyote vinaingia katika hesabu ya usiku ule wa leba.

Na kuna damu yenyewe. Hakuna dawa inayoirudisha iliyomwagika. Chupa moja ni mililita 450. Mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Familia nyingi hulijua hilo kwa mara ya kwanza kwenye korido, ndugu wakihesabiana nani ana kundi gani.

Kwenye karatasi za bajeti

Utafiti mwingine, I'M WOMAN, wenye washiriki kutoka Tanzania, ulianzishwa kuichunguza traneksamiki inayochomwa kwenye msuli badala ya mshipa. Ikithibitika, mkunga wa zahanati asiyepata mshipa kwa mama aliyekwisha kupoa ataweza kuichoma pajani kama anavyochoma oksitosini, kisha ndipo aite gari. Kwa Kilindi na Mkinga hiyo ni tofauti kati ya dawa iliyotolewa ndani ya dakika chache na dawa inayosubiri mwisho wa barabara ya vumbi.

Lakini shuka la kupimia damu halisubiri utafiti. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11, na kila moja huandika mpango wake wa afya wa mwaka kabla ya Julai Mosi. Dawa za misuli zimo humo, traneksamiki inaanza kuzoeleka. Shuka lenye mistari liandikwe mstari uleule na dawa hizo, kwa idadi ya kina mama wanaotarajiwa kujifungua, si kwa idadi ya masanduku yatakayoletwa na mfadhili. Madiwani wanaopitisha mipango hiyo wana mabinti na wake wanaojifungulia huko. Waulize, kikaoni, kila kituo cha halmashauri yao kinapima damu kwa kitu gani.